Dang'a ya Khunoana

Mwanangu wa kwanza, Pheello, alitanguliza miguu siku aliyozaliwa, na tangu hapo hajawahi kufika mahali kwa njia inayofaa. Nayasema haya mimi mama yake, akili zikiwa timamu na meno machache yakiwa bado mdomoni. Hasira niliyonayo juu yake haijapoa, na wala siipepei ipoe. Wenzangu wakizeeka wanafuga kuku. Mimi nafuga hasira. Haili sana na mwewe haichukui.

Ugomvi wetu ni wa ng'ombe. Khunoana alikuwa ng'ombe wa marehemu Khethang, mwanangu mdogo, aliyepigwa na radi mlimani wakati wa mvua akirudisha kondoo. Si ng'ombe wa kienyeji. Ni wale wadogo wa rangi ya kahawia waliotoka ng'ambo, mifupa imemtoka, macho makubwa kama ya mtu aliyeambiwa siri akakatazwa kuisema. Ukimtazama utamdharau. Ukimkamua utamwomba radhi. Masista wa zahanati ndio walionunua maziwa yake, na kwa maziwa hayo mke wa Khethang, mkwe wangu Maseabata, hakugonga mlango wa mtu kuomba unga.

Jina lake hilo tulimpa wenyewe siku ya harusi, kama tunavyofanya kwetu: mama wa Seabata, mtoto ambaye hajazaliwa bado. Akazaliwa msichana. Seabata mpaka leo tunamsubiri, na sasa hata wa kumleta hayupo. Lakini jina likishaingia kwenye nyumba halitoki.

Khethang alipokufa, Khunoana alikuwa amekauka, anasubiri kuzaa. Kwa hiyo Maseabata naye akasubiri. Alivaa kitambaa cheusi cha ujane, thapo, na mwenye thapo kwetu hagusi ng'ombe, hakaribii zizi, hata kivuli chake anakichunga kisianguke kwenye njia ya mifugo. Hata asiye na thapo, mwanamke haingii zizini. Zizi ni la wanaume. Ng'ombe akabaki mikononi mwa Pheello. Na Pheello alikuwa ameshasema hadharani, akiwa na pombe ya joala kidogo kichwani, kwamba eda ikiisha atamhamishia Maseabata nyumbani kwake, yeye na mtoto wake na kila kitu chake, kama desturi inavyomruhusu ndugu wa marehemu.

Maseabata alimjibu mbele ya watu. "Shemeji, asante. Mimi nina ng'ombe."

Maneno matatu tu hayo ya mwisho, lakini Pheello aliyameza kama mfupa wa samaki. Mjane mwenye ng'ombe wa maziwa ni vigumu kumwamuru. Kila mtu pale kijijini alielewa jambo hilo: Khunoana akiwepo, Maseabata ana nyumba yake. Khunoana asipokuwepo, Maseabata ana shemeji.

Basi Khunoana akazaa, mchana, baridi ya Mei ikiwa imeanza kuuma. Ndama jike, mzuri, amelowa kama mtu aliyetoka mtoni. Nilimwona nikiwa nje ya ukuta, nimeegemeza kidevu juu ya mawe. Zizi letu ni la mawe, limefika kifuani. Marehemu mume wangu ndiye aliyeyapanga, na kila anayepita anamwita ntate, yaani baba: "Ntate alikuwa fundi." Hakuna anayeuliza mawe yalitoka korongoni kwa miguu gani.

Pheello akaingia na ndoo. Dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, kwa desturi ya ukoo wetu ni ya wanaume. Inakamuliwa yote, mpaka tone la mwisho, kwa sababu wanasema ikibaki kiwele kinaoza. Inachemshwa, inaganda ya manjano kama mayai, inatiwa chumvi, inaliwa palepale kwenye ukuta wa zizi. Nimeiona desturi hiyo tangu nilipoolewa. Haikuwahi kumdhuru ng'ombe yeyote, kwa kuwa ng'ombe wetu wa zamani walikuwa wanatoa kikombe na kukunja uso.

Khunoana alijaza ndoo. Pheello akaagiza nyingine.

"Pheello," nikamwita juu ya ukuta. "Mwachie ndama."

"Mama, dang'a haiachwi. Baba alifanya hivihivi."

"Ng'ombe wa baba yako walitoa kikombe. Huyu ni pipa."

"Desturi ni desturi, Mama."

"Desturi haina tumbo. Wewe unalo."

Wanaume wenzake wakacheka, naye akacheka, na mikono yake haikusimama. Alikamua mpaka chuchu zikawa kama vidole vya soksi tupu. Ndama alikuja akasukuma kiwele kwa pua, akapata povu, akalamba, akarudi kusimama kwenye baridi. Walikula. Pheello akanitumia kibakuli changu cha heshima. Nikakirudisha, nikasema kipelekwe kwa ndama. Baadaye nikasikia amekila yeye, ili kisipotee.

Asubuhi niliamka na kwenda ukutani kabla hata sijawasha moto. Khunoana alikuwa amesimama, lakini kusimama gani kule. Miguu ya nyuma ilikuwa inatetemeka na kupishana kama ya mlevi anayetafuta mlango wake. Nikamwita Pheello. Pheello alikuwa bado amelala, dang'a ni nzito. Jua lilipofika juu ya kilima, Khunoana akapiga magoti, akashuka, akalala. Shingo akaikunja, kichwa akakiweka ubavuni kama kuku anayelala. Pua ikakauka. Nilinyoosha mkono juu ya mawe nikamgusa sikio: baridi, kama sikio la maiti. Nimewaosha maiti, najua ninachosema.

Sasa Pheello akaamka. Na wenzake wakaja, maana habari ya ng'ombe aliyeanguka inatembea upesi kuliko habari ya ng'ombe aliyezaa. Wakamwinua kichwa wakammiminia joala iliyochanganywa na chumvi kooni. Haikushuka. Ikarudi puani, akakohoa kikohozi kizito, macho yakamgeuka.

"Huyu amekwisha," akasema Pheello. Nikakisikia kisu kikipita juu ya jiwe. "Tumchinje angali hai, nyama isiharibike."

Wale wanaume walikuwa wamekuja na chumvi zao mifukoni. Mtu haji kumtibu ng'ombe na chumvi ya kuchomea nyama.

"Na nani amemfanya hivi?" mmoja akauliza kwa sauti ya kuchochea.

Pheello akainua macho, akaangalia juu ya ukuta, akaangalia nyuma yangu. Maseabata alikuwa amesimama mbali, karibu na rundo la jivu mlangoni kwangu, mtoto mgongoni, thapo nyeusi shingoni. Alikuwa amekuja kunisaidia kuwasha moto.

"Huyo," akasema Pheello. "Amepita huku na weusi wake. Amemkanyagia njia. Nilisema mimi! Mjane hatulii. Sasa ameua ng'ombe wake mwenyewe."

Nilimtazama mkwe wangu. Hakulia. Aliutazama ule ukuta kama mtu anayetazama mto uliojaa, na mtoto wake yuko ng'ambo ya pili. Alikuwa hajamgusa Khunoana tangu siku ya mazishi. Hajamsogelea hata apumue pumzi zake. Ameishika miko yao yote, hata ile ambayo wanawake wenye akili tunaikwepa, na malipo yake ndiyo hayo: ng'ombe akifa, ameua yeye.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Haikutanguliza miguu, ilikuja kichwa mbele, vizuri kabisa.

Nikaingia ndani, nikachukua simu, nikampigia Nthatisi. Nthatisi ni msichana wa tarafa yetu aliyesoma mambo ya mifugo, anafanya kazi ofisi ya mifugo mjini. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kupiga simu hakuhitaji la tano.

Nikamweleza Khunoana alivyoanguka. "Nkhono," akasema, yaani bibi, "masikio ni baridi?"

"Kama jiwe la mtoni."

"Amezaa lini?"

"Jana."

"Wamemkamua?"

"Wamemkamua mpaka mawazo."

Nikasikia mlango wa gari. "Wasimwage kitu mdomoni. Wasimchinje. Mkalishe kifua chini, asilale ubavu, tumbo litajaa upepo na kumbana. Nakuja."

"Na kisu je?"

"Kisu ni kazi yako, Nkhono."

Nikarudi. Wazee wetu walisema mama wa mtoto hushika kisu kwenye makali. Msemo mzuri. Lakini hawakusema mama afanyeje ikiwa aliyeshika mpini ndiye huyo mtoto.

"Pheello," nikasema, "subiri. Daktari wa ng'ombe anakuja."

"Daktari gani?"

"Nthatisi."

Akacheka mpaka akapangusa macho. "Yule msichana wa suruali? Aingie zizi la baba? Mama, umezeeka mpaka ndani."

"Nje nimezeeka zaidi. Subiri."

Alisubiri, lakini si kwa heshima yangu. Kisu kilikuwa butu, na alikuwa na aibu kuazima cha mwenzake mbele yangu. Kwa hiyo nashukuru uvivu wake. Ndiyo mara ya kwanza umefaa kitu.

Pikapu ikaja na vumbi lake. Nthatisi akashuka, mwembamba, buti za mpira, begi begani. Kabla hajasalimu alikuwa ameshatoa chupa mbili za dawa na kuziingiza ndani ya koti, kwapani, zipate joto la mwili. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa zizi. Pheello akajaza mlango.

"Mwanamke haingii."

"Ntate, shikamoo yako naipokea. Nipishe."

"Nimesema haingii. Ng'ombe ana mkosi wa mjane tayari, sasa unataka kuongeza suruali?"

"Suruali haitibu, ntate. Natibu mimi."

"Basi tutamtoa nje," akasema mmoja wa wale wa chumvi. Wakashika mkia, wakashika pembe, wakavuta. Nthatisi akapiga kelele ambayo sikujua kifua kile kinaweza kuitoa.

"Acheni! Mtamchana mapaja! Misuli yake haina nguvu hata ya kujikunja, nyie mnamvuta kama gogo! Mnataka asimame baada ya hapo kwa miguu ipi?"

Wakaacha. Hali ikawa hivi: ng'ombe hawezi kutoka, na daktari hawezi kuingia, na Pheello amesimama mlangoni na kisu, anasema dakika zinakwenda na nyama inaharibika.

Nikatazama ule ukuta. Khunoana alikuwa ameanguka upande wangu, mgongo wake karibu unagusa mawe. Nikashika jiwe la juu. Jiwe nililijua. Lina alama nyeupe kama mshipi. Nililibeba kutoka korongoni tumbo langu likiwa na huyo huyo anayelinda mlango. Nikalisukuma. Likaanguka upande wa nje, puu.

Nikashika la pili.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nabomoa."

"Unabomoa zizi la baba!"

"Nabomoa mgongo wangu. Kila jiwe hapa lilipita mgongoni kwangu kabla halijafika mkononi mwa baba yako. Alipanga yeye. Nilibeba mimi. Nilichobeba natua."

"Mama, huu ni mkosi! Mababu wanaangalia!"

"Waangalie vizuri. Na mmoja wao ashuke kunisaidia, nina mgongo mbaya."

Hakushuka babu. Walikuja wanawake. Walikuwa wanatoka bombani, wakatua ndoo zao njiani bila kuitwa, wakaja wakashika mawe. Mmoja alikuwa anasema, "Yesu wangu, Yesu wangu," na kila akisema jiwe linaanguka. Wanaume waliganda. Kumpiga mwanamke mmoja wanajua. Kumzuia bibi kizee asivunje ukuta alioubeba mwenyewe, hakuna aliyewafundisha. Na Pheello hakuweza kuuacha mlango. Angeuacha, Nthatisi angepita. Kwa hiyo aliulinda mlango vizuri sana, huku ukuta unaondoka ubavuni kwake.

Pengo lilipofika chini, nikageuka. "Nthatisi, njoo. Hapa hakuna zizi. Hapa kuna ng'ombe amelala uwanjani kwangu."

Akapita juu ya mawe akapiga magoti.

"Nahitaji mtu amkalishe kifua chini asianguke ubavu," akasema. "Na mtu wa kushika chupa juu."

Nikaketi chini nyuma ya Khunoana, nikaweka mgongo wangu dhidi ya ubavu wake, miguu nikaikaza kwenye mawe niliyoyaangusha. Ubavu wake ulikuwa umevimba, umekaza kama ngoma. Niliketi karibu na shingo kwa makusudi: anayetaka koo la ng'ombe apitie langu.

Wa kushika chupa sasa. Wale wanawake mikono ilikuwa inawatetemeka kwa mawe. Nikaita, "Maseabata!"

Watu wote wakavuta pumzi. Maseabata naye akasimama kama amepigwa msumari.

"Mama, thapo," akasema polepole.

"Njoo nayo. Wameshasema imemuua. Kitu kikishaua hakiwezi kuua tena. Sasa tuone kama kinajua kufufua."

Akampa mwanamke mmoja mtoto wake. Akaja. Akapokea chupa, akainua mkono, na ile thapo nyeusi ikawa inaning'inia juu ya mgongo wa Khunoana mchana kweupe. Nthatisi akapapasa shingo akaupata mshipa, akaingiza sindano, damu ikachungulia, akaunganisha mpira. Kisha akaweka kile chombo cha kusikilizia moyo nyuma ya kiwiko cha ng'ombe.

"Taratibu, dada. Shusha chupa kidogo. Ikiingia haraka moyo unasimama."

Pheello akaacha mlango hatimaye, akaja juu yetu. "Mnamtia maji tu! Mnacheza na nyama ya—"

"Ntate," Nthatisi akamkata bila kuinua kichwa, "nasikiliza moyo. Ukinishtua mkono, moyo ukisimama, nitaandika ng'ombe ameuliwa na wewe. Nyamaza."

Akanyamaza! Mwanangu! Niliwahi kumtamani binti kama huyo.

"Ni ugonjwa gani?" Maseabata akauliza, mkono juu.

"Unaitwa homa ya maziwa."

"Homa na masikio ni ya barafu?" nikauliza.

"Jina baya, Nkhono, sikulitunga mimi. Sikiliza. Maziwa yanatengenezwa na kalsiamu, ile ile ya mifupa. Dang'a inayo kuliko maziwa ya kawaida. Kiwele kinaichota kwenye damu. Na damu haina nyingi. Nyingi iko kwenye mifupa."

"Damu ni duka la mbele," nikasema, "mifupa ni ghala."

"Haswa. Siku ya kuzaa duka linanunuliwa ghafla, na mwenye funguo za ghala bado hajaamka. Anachukua siku moja, mbili kuamka. Ukimwachia ndama anyonye kidogo kidogo, duka linavumilia. Ukikamua yote, ndoo kwa ndoo, duka linabaki tupu. Na misuli bila kalsiamu haifanyi kazi. Ya miguu inalegea, anaanguka. Ya tumbo inalegea, upepo hautoki. Ya koo inalegea, ukimmiminia joala inaingia mapafuni. Mwisho ni moyo, nao ni msuli."

Hakuwa anamwangalia Pheello. Hakukuwa na haja. Wanawake wote walikuwa wameshamwangalia, na wale wa chumvi walianza kuangalia viatu.

"Kwa hiyo," nikasema polepole ili kila mtu asikie, "si thapo."

"Thapo haina kalsiamu, Nkhono, wala haichukui."

"Ni ndoo."

"Ni ndoo."

Ndipo nilipoisikia mgongoni. Kwanza mtetemo mdogo, kama paka anayekoroma ndani ya ukuta. Kisha misuli ya ubavu wake ikaanza kurukaruka, huku na huku, mpaka meno yangu machache yakagongana. Kisha kitu kikazunguka tumboni mwake, kikapanda, kikaja, na Khunoana akacheua mbele ya sikio langu upepo wa majani yaliyooza tangu jana. Sijawahi kunusa kitu kitamu hivyo.

"Hiyo!" Nthatisi akacheka. "Tumbo limeamka."

Khunoana akaondoa kichwa ubavuni. Akanyoosha shingo. Pua ikatoa jasho, matone madogo kama umande. Chupa ya pili ilipokuwa inaisha akakaza miguu ya nyuma, nikasikia mgongo wangu unabaki hewani, nikaanguka chali juu ya mawe yangu mwenyewe. Khunoana alikuwa amesimama. Anayumba, lakini amesimama. Akainua mkia, na palepale, pale wale wanaume walipokuwa wameweka sahani na kifurushi cha chumvi, akanya mavi mengi, laini, yenye joto.

"Chukueni," nikawaambia nikiwa bado chali. "Hiyo ndiyo sehemu yenu. Mmesubiri vya kutosha."

Maseabata hakucheka. Alikuwa ameweka paji la uso kwenye shingo ya ng'ombe, thapo imeshuka, mabega yanamtikisika. Ndipo alipolia.

Ningependa hadithi ikome hapo. Ningekuwa mwanamke mwema.

Lakini Nthatisi alipokuwa anakusanya vitu vyake akamtazama ndama. Alikuwa amesimama pembeni, masikio yameanguka, mkia umeanza kuchafuka.

"Huyu alinyonya dang'a?"

Wanawake wakanigeukia mimi.

"Jana. Alinyonya?"

"Alilamba povu," nikasema.

Akampapasa, akambonyeza ngozi, akamwekea dawa mdomoni kwa mpira, akachemsha maji ya chumvi na sukari akampa. Akatuelekeza tumkamue mama yake kidogo, kidogo tu, tusimmalize tena, tumpe ndama mara nyingi. Kisha akaniita pembeni.

"Nkhono, mtoto wa mtu anazaliwa na kinga kidogo, mama anampa akiwa tumboni. Ndama hazaliwi nayo. Damu ya mama na ya ndama hazipitishiani kinga. Yote iko kwenye dang'a. Na utumbo wake unaipokea siku ile ya kwanza tu. Baada ya hapo mlango unafungwa. Hata ukimpa pipa, ni chakula tu. Kinga haipiti."

"Na mlango umefungwa?"

"Ulikuwa unafungwa tangu jana mchana."

Tulijaribu. Maseabata alimleta ndama ndani ya nyumba, akamfunga blanketi la Khethang, lile la harusi, akalala naye karibu na jiko. Kuhara hakukukoma. Ndama alikufa kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya Maseabata, wakati wa uji wa asubuhi. Ndama jike. Angekuwa ng'ombe wa pili. Mjane mwenye ng'ombe wawili, hata chifu anamwamkia.

Pheello akaja. Kisu mkononi, cha kuchuna ngozi.

"Mnaona sasa?" akasema. "Nilisema, thapo. Imemkosa mama, imempata mtoto."

Maseabata aliinuka. Nilidhani atapiga kelele. Akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji. Ilikuwa na chumvi ya kutosha?"

"Nini?"

"Ile dang'a. Uliyokula. Ilikuwa tamu?"

Nikampokonya kisu; alikiachia mwenyewe, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Ngozi hatukuchuna. Tulimzika ndama kwenye lile pengo la ukuta, chini kabisa, wanawake tupu, mimi nikiwa na jembe. Na nikatangaza kwamba anayetaka kulijenga pengo hilo aje ayapange mawe juu ya huyo ndama, mimi nikiwa nimeketi pale namtazama.

Hakuna aliyekuja. Pengo lipo mpaka leo. Khunoana anapita hapo kila asubuhi kwenda uwanjani kwa Maseabata, naye anamkamua hapohapo uwanjani, na thapo yake ilipovuliwa kwa sherehe alikuwa ameshawauzia masista maziwa siku nyingi. Kuhama hakuhama. Pheello mwenyewe, akija zizini kuangalia ng'ombe wake, anazunguka mpaka mlangoni, ingawa pengo liko karibu naye zaidi.

Jumapili anakuja kunisalimu, maana amelelewa, hilo siwezi kulikana. Namkaribisha kiti. Namwekea mkate. Namwandalia chai, nyeusi, kali, ya moto. Anaitazama chai, ananitazama mimi. Kupitia mlango wangu anamwona Khunoana, kiwele kimejaa mpaka kinamzuia kutembea.

Jumapili iliyopita hatimaye akauliza.

"Mama, nyumba hii hakuna maziwa?"

"Yapo."

"Sasa?"

"Ni ya ndama."

Akazungusha kikombe. "Mama. Ndama si alikufa?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni ya huyo huyo. Kunywa chai yako, itapoa."